Kuzima friji usiku hakupunguzi bili, kunachachisha viporo

Swali: Habari za kazi, fundi. Nina friji ya milango miwili, huu ni mwaka wake wa sita. Bili ya umeme ilipopanda nikaanza kuizima kila siku saa 4 usiku na kuiwasha saa 12 asubuhi, halafu naizungusha hadi namba 7 ili ipoe haraka. Bili haijashuka kwa maana yoyote. Maharage ya jana leo yanateleza, maziwa yanakatika nikiyachemsha, na wakati huohuo mboga za majani zilizoko nyuma zinaganda hadi zinakatika kama kioo. Friza inaota barafu nene, naikwangua kwa kisu. Mama mkwe hataki niweke chakula chenye joto kwa sababu "kinaua friji", kwa hiyo sufuria hulala mezani. Fundi aliyekuja mwaka jana aliongeza gesi, akasema inatakiwa kuongezwa kila mwaka. Friji iko pembeni ya jiko, mgongo umegusa ukuta. Je, ninunue nyingine?

Jibu: Dada, usikimbilie kununua nyingine. Friji unayoieleza haijafa. Inanyimwa kazi usiku, inatwishwa mzigo wa siku nzima asubuhi, na imewekwa mahali ambapo hata mpya ingehangaika. Umenilalamikia mambo mawili, chakula kinachoharibika na bili isiyoshuka, lakini kwangu mimi hilo ni jambo moja: joto. Joto linaloingia ndani ya friji ndilo linalochachisha maharage, na ni joto hilohilo ambalo umeme wako unatumika kulitoa nje.

Nianze na namna mashine yenyewe inavyofanya kazi, maana makosa karibu yote uliyoyataja yanatokana na kudhani kwamba friji inatengeneza baridi. Haitengenezi. Kazi yake ni kubeba joto, inalichukua ndani na kulimwaga nje. Kumbuka muuguzi anapokupaka spiriti kabla ya sindano, ngozi inavyopata ubaridi ghafla. Spiriti haikuwa ya baridi chupani. Inapokauka na kugeuka mvuke, inaondoka na joto la ngozi yako. Ndani ya kuta za friji kuna mabomba yenye gesi inayofanya vivyo hivyo. Inafika kwenye friza ikiwa majimaji, inageuka mvuke, na katika kugeuka huko inanyonya joto la maharage, la maziwa, la hewa. Kompresa, lile dude jeusi lililo chini kwa nyuma ambalo hunguruma, linauvuta mvuke huo na kuubana hadi unapata moto. Kisha mvuke unapita kwenye wavu wa mabomba ulioko mgongoni (friji nyingine mabomba yake yamefichwa ubavuni, ndiyo maana ubavu wake huwa na joto na watu hushtuka bure), unamwaga joto lake jikoni, unarudi kuwa majimaji, na safari inaanza upya. Weka kiganja nyuma ya friji yako wakati inanguruma. Uvuguvugu utakaousikia ni wa chakula chako, ukijumlisha na wa kompresa yenyewe.

Sasa turudi kwenye saa 4 usiku. Unapoizima, joto la jikoni haliendi kulala. Linaendelea kupenya kwenye kuta na kwenye raba ya mlango, na kasi yake inategemea tofauti kati ya nje na ndani. Tuseme jikoni kuna nyuzi 28 za Selsiasi na ndani ya friji nyuzi 4, tofauti ni 24. Kufika alfajiri ndani kumepanda labda hadi nyuzi 12, tofauti imebaki 16, kwa hiyo joto linaingia kwa kasi ndogo kuliko mwanzo. Upungufu huo ndio akiba yako yote. Joto jingine lililoingia usiku kucha linakusubiri hapo ndani, na asubuhi kompresa italitoa lote kwa mkupuo. Nikikadiria kwa ukarimu, ulichookoa hakifiki sehemu moja ya kumi ya matumizi ya siku. Tena friji haikuwa inakula umeme usiku mzima kama wengi wanavyoamini. Ikifikia baridi yake inajizima, inakaa kimya, inaamka tena baadaye. Usiku jiko limezimwa, hakuna anayefungua mlango, nyumba imepoa. Ndizo saa ambazo friji hufanya kazi kwa nafuu kuliko zote, na ndizo unazoikatia umeme.

Upande wa chakula hasara ni kubwa zaidi. Friji iliyozimwa na mlango wake haujafunguliwa kabisa huhesabiwa kuwa inalinda chakula kwa takriban saa 4 tu. Wewe unaiacha saa 8, kila siku. Vijidudu vingi vinavyoharibu chakula au kuleta ugonjwa huzaliana kati ya nyuzi 5 na 60. Chini ya nyuzi 5 havifi, vinazubaa. Kwenye joto vinalolipenda, baadhi yake hujigawa mara mbili kila dakika 20. Piga hesabu mwenyewe: kijidudu kimoja kwenye sufuria iliyolala mezani, kikijigawa kila dakika 20 bila kizuizi, baada ya saa 8 ni zaidi ya 16,000,000. Utelezi unaouona kwenye maharage ni wao wenyewe na ute wanaoutoa.

Najua utajibu kwamba asubuhi unachemsha sana. Hapo ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Kuchemsha huua vijidudu, lakini baadhi yao huwa tayari wameacha sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, anayeishi puani na kwenye ngozi zetu, hutoa sumu ya namna hiyo. Mwingine ni Bacillus cereus, anayejulikana sana kwa wali. Mbegu zake hupona hata kwenye maji yanayochemka wakati wa kupika, zikaamka wali ukikaa na uvuguvugu kwa saa nyingi, zikatengeneza sumu inayotapisha. Ukiupasha wali huo hadi utoe moshi, sumu ipo palepale. Kwa hiyo chakula kilicholala mezani usiku kucha hakifufuliwi kwa kupashwa moto, hata kama hakinuki.

Na mama mkwe? Mwambie kwa heshima kwamba ana sehemu ya ukweli. Chakula cha moto kinaipa friji kazi ya ziada, na mvuke wake hugeuka matone kutani au barafu kwenye friza. Ila hakiiui. Chukua sufuria yenye lita 3 za maharage iliyo na nyuzi 70, badala ya kuisubiri hadi nyuzi 30. Joto hilo la ziada, kulitoa kwa friji ya kawaida, kunagharimu chini ya sehemu moja ya kumi ya uniti moja ya umeme. Friji ya nyumbani kwa siku nzima hutumia kati ya nusu uniti na uniti moja na nusu, kulingana na ukubwa na umri wake. Kwa hiyo woga wa mama mkwe ni wa kweli lakini ni wa senti chache, na kuufuata kumekuwa kukiwagharimu sufuria nzima.

Hatari halisi ya sufuria ya moto ni nyingine, na hiyo haitajwi sana. Sufuria kubwa iliyojaa ikiwekwa ndani, pembeni hupoa lakini katikati hubaki na uvuguvugu kwa saa kadhaa, kama mtu aliyejifunika blanketi. Chakula kiko ndani ya friji, mwenye nyumba ana amani, na katikati ya sufuria vijidudu vinaendelea na sherehe. Juu ya hayo, joto lake linapandisha nyuzi za maziwa yaliyo jirani. Dawa ni kukigawa. Kimwage kwenye vyombo vifupi na vipana, kina cha chakula kisizidi sentimita 5. Viache wazi kidogo hadi mvuke mkali uishe, au uviketishe kwenye beseni la maji ya baridi huku ukikoroga, dakika 20 zinatosha kuondoa sehemu kubwa ya joto. Kisha funika, ingiza. Mwisho wa kukaa nje ni saa 2 tangu kiepuliwe, na kukiwa na joto kali la zaidi ya nyuzi 32, ni saa 1. Kikiwa na uvuguvugu na muda umefika, kiingize hivyo hivyo. Bora kompresa ihangaike.

Tuje kwenye namba 7. Namba zile si nyuzi, na hazina uhusiano na kasi. Zinaiambia kompresa ijizime ndani kukiwa na baridi kiasi gani. Ukiweka 3 au ukiweka 7, friji yenye joto itaanza kupoa kwa mwendo uleule. Tofauti ni kwamba ya 7 haitajua kusimama, itaendelea hadi ukuta wa nyuma ugandishe mboga zako. Ndiyo maana una maziwa yanayochacha na mboga zinazoganda ndani ya sanduku moja: usiku unapika, mchana unagandisha. Kila nyuzi moja unayoishusha bila sababu, jikoni kukiwa na nyuzi 28, inaongeza joto linaloingia kwa asilimia 4 hivi, na umeme unafuata.

Usiamini namba, amini kipimajoto. Tafuta kile kidogo cha friji, kitumbukize kwenye glasi ya maji, weka glasi rafu ya katikati, uiache usiku kucha. Maji yanatoa jibu la ukweli kwa sababu hayababaishwi na mlango kufunguliwa mara moja, na chakula chako kwa sehemu kubwa ni maji vilevile. Unataka usome kati ya nyuzi 2 na 4. Ikizidi, panda namba moja, subiri siku nzima, pima tena. Ikiwa chini ya 2, shuka. Friji nyingi huangukia katikati, namba 3 au 4, lakini msimu wa joto huenda ukahitaji kupanda kidogo. Friza inatakiwa iwe nyuzi 18 chini ya sifuri.

Hata ikiwa na nyuzi sahihi, ndani ya friji hakuna usawa. Hewa ya baridi ni nzito, hushuka, kwa hiyo kwenye friji kama yako rafu ya chini, juu tu ya droo ya mboga, ndiyo yenye baridi zaidi, na mlangoni ndiko kwenye joto zaidi. Watengenezaji wameweka nafasi ya chupa mlangoni, nasi tukaweka maziwa humo. Yatoe. Mlango ni mahali pa maji, sosi za chupa, achari, vitu vyenye chumvi, siki au sukari nyingi. Maziwa yakae ndani kabisa. Nyama na samaki wabichi wawe rafu ya chini, kwenye bakuli lenye kingo, ili maji yao yasidondokee kitu kitakacholiwa bila kupikwa. Viporo na vyakula vilivyo tayari viwe juu yao. Acha vidole viwili kati ya chakula na ukuta wa nyuma, mboga hazitaganda tena. Na usitandike rafu kwa nailoni au magazeti ili zisichafuke, maana hewa inapita kwenye mianya ile na ukiiziba unapata friji yenye baridi juu na joto chini.

Mboga za majani huharibiwa na mambo mawili yanayopingana: zikikosa unyevu zinanyauka, zikilowa zinaoza. Usizioshe kabla ya kuzihifadhi, na kama umeshaziosha zikaushe kabisa. Zifunge kwa kitambaa safi au karatasi ya jikoni, kisha ziingie kwenye mfuko usiobana, droo ya chini. Karatasi hunywa maji ya ziada, mfuko huzuia kukauka. Zitenge na matunda yanayoiva, hasa ndizi, parachichi, tofaa na embe. Matunda hayo hutoa gesi iitwayo ethilini, ambayo kwao ni ishara ya kuiva na kwa majani ni ishara ya kuzeeka. Mboga zikiwa za manjano siku ya pili, mara nyingi mkosaji ni jirani yake.

Kuna vitu pia vimejaa humo bila sababu. Ndizi chini ya nyuzi 13 hivi zinaungua kwa baridi na ganda linageuka jeusi. Nyanya isiyoiva vizuri inapoteza ladha. Viazi mviringo vikikaa kwenye baridi, wanga wake hugeuka sukari, ukivikaanga vinakuwa vyeusi upesi na kutengeneza kemikali isiyo nzuri. Vitunguu vinataka pakavu penye hewa. Mkate ndani ya friji hukauka haraka kuliko mezani, ingawa kwenye friza hukaa vizuri. Asali haihitaji chochote. Ukivitoa hivi utapata nafasi ya kupanga vile vyombo vifupi nilivyovisema.

Muda gani? Friji ikiwa nyuzi 4 au chini: viporo siku 3 hadi 4, kuku mbichi, samaki na nyama ya kusaga siku 1 hadi 2, vipande vikubwa vya nyama nyekundu siku 3 hadi 5. Hutakula ndani ya muda huo? Friza, mapema, si siku ya mwisho. Andika tarehe kwenye kipande cha plasta juu ya chombo, maana baada ya siku tatu hakuna anayekumbuka. Na pua yako usiifanye hakimu. Vijidudu vinavyofanya chakula kinuke na vinavyougulisha watu mara nyingi si vilevile. Bakteria aitwaye Listeria, kwa mfano, huzaliana polepole hata ndani ya friji yenye baridi nzuri, bila harufu wala utelezi. Ndiyo sababu viporo vina ukomo hata friji ikiwa nzima, na ndiyo sababu mjamzito anatakiwa kuwa mwangalifu kuliko wote.

Friza nayo haiui vijidudu, inavilaza. Gandisha kwa vifurushi vidogo bapa, kila kimoja cha mlo mmoja, hewa ikiwa imekamuliwa nje. Kifurushi bapa huganda upesi, na kuganda upesi hufanya chembe ndogo za barafu zisizochana nyama. Kinachoganda polepole hufanya chembe kubwa, nazo ndizo zinazoifanya nyama itoe maji mengi na kuwa kama sponji ikiyeyuka. Kuyeyusha, hamishia rafu ya chini ya friji tangu jana yake. Hapo unapata faida mara mbili, kwa sababu kilo moja ya nyama iliyoganda itanyonya joto la jirani zake usiku kucha, na kompresa inapumzika bure. Ukiwa na haraka, tumbukiza mfuko usiovuja kwenye maji ya baridi, ukibadilisha maji kila nusu saa. Mezani, hapana: nje inafika joto la hatari huku ndani bado ni jiwe.

Sasa mahali ilipo, na hapa ndipo bili yako ilipojificha. Umeiweka kati ya jiko na ukuta. Jiko linaipasha ubavuni, ukuta unaizuia kumwaga joto mgongoni. Kumbuka hesabu ya tofauti. Ukiipeleka pembe yenye nyuzi 25 badala ya 30, tofauti inashuka kutoka 26 hadi 21, yaani joto linaloingia linapungua karibu moja ya tano, mchana na usiku, bila wewe kuzima chochote. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya ulichokuwa unakipata kwa kuchachisha maharage. Isogeze mbali na jiko na dirisha la jua, acha sentimita 10 hivi nyuma na nafasi juu, na kama kuna kitambaa kizuri kinachoning'inia mgongoni mwake, kivue. Chomoa waya, piga brashi vumbi la wavu wa nyuma. Vumbi lile ni sweta. Tazama pia kibati chake: herufi N maana yake imetengenezwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32, ST nyuzi 38, T nyuzi 43. Friji ya N kando ya jiko inafanya kazi ambayo haikuumbiwa.

Raba ya mlango ijaribu kwa karatasi. Funga mlango juu ya karatasi, ivute taratibu, rudia kila sentimita 20 kuzunguka mlango wote. Ikichomoka bila kukataa, hapo panavuja. Mara nyingi ni uchafu tu wa sukari na mafuta kwenye mikunjo, maji ya uvuguvugu na sabuni yanaumaliza. Raba iliyopinda hunyooka ukiipasha kwa mashine ya kukaushia nywele. Iliyochanika, badilisha. Uvujaji huo ndio unaolisha barafu yako: hewa ya jikoni inaingia na unyevu, unyevu unaganda kwenye friza, na barafu ikinenepa inakuwa blanketi kati ya mabomba na chakula. Kuhusu kufungua mlango, watu wanagombezana na watoto kupita kiasi. Kila ufunguzi mmoja ni umeme kidogo sana. Mlango usiofungika vizuri hauna mapumziko.

Barafu ikifika unene wa nusu sentimita, zima, chomoa, toa vitu, acha mlango wazi na bakuli la maji ya moto ndani ya friza. Saa moja au mbili itaanguka yenyewe. Kisu, dada, kiweke mbali. Nimeshaitwa mara nyingi na mtu aliyesikia "tsss" fupi baada ya kuchokonoa. Mlio huo ni gesi inayoondoka, na bomba lililotobolewa ndani ya friza huenda likagharimu karibu bei ya friji. Friji nyingi za sasa zina gesi ya R600a, ambayo inawaka moto. Ukiusikia mlio huo, zima moto wote wa jiko, usiguse swichi yoyote, fungua madirisha, toka nje.

Na hiyo gesi ya kila mwaka? Gesi si mafuta ya gari. Haitumiki ikaisha, inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa kwa miaka na miaka. Ikipungua, kuna tundu. Anayeongeza bila kutafuta tundu anakuuzia kitu kitakachovuja tena. Dalili ya upungufu wa kweli ni kompresa kunguruma bila kupumzika huku friza ikishika barafu kona moja tu. Friza yako inaota barafu nene, wala hukusema ni kona moja tu, kwa hiyo nadhani gesi ipo na raba ndiyo mtuhumiwa, ingawa kuthibitisha ni hadi mtu aipime.

Umeme ukikatika wenyewe, usifungue mlango. Friza iliyojaa hushikilia kuganda kwa saa 48 hivi, iliyojaa nusu, saa 24, ndiyo maana nafasi tupu za friza ninazijaza chupa za maji. Ukisafiri, gandisha kikombe cha maji na uweke sarafu juu ya barafu. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama hadi kitako cha kikombe, kila kitu kiliyeyuka na kuganda tena wakati haupo. Umeme ukikatika na kurudi upesi, subiri dakika 5 kabla ya kuwasha ili mgandamizo ndani ya mabomba utulie. Kompresa inayolazimishwa kuanza mapema huweza kuungua.

Ita fundi, ana kwa ana, kama baada ya kuisogeza na kusafisha raba bado hainyamazi, kama inatoa "tik" na kujizima kila baada ya dakika chache, kama kuna harufu ya kuungua, au kama inakupiga shoti hata kidogo. Ya shoti ichomoe kwanza, maswali baadaye. Muulize fundi swali moja kabla hajafungua mkoba: utatafutaje tundu? Kama ni R600a, awe amefundishwa kuishughulikia, kwa sababu kuchomelea karibu nayo si mchezo. Na kama kuna aliyekula maharage yale akapata damu kwenye choo, homa kali, kutapika kusikoruhusu hata maji kubaki tumboni, au kuhara kunakozidi siku 3, mpeleke kituo cha afya. Mtoto mchanga, mzee na mjamzito usisubiri hizo siku.

Kuhusu kununua, tupime kwanza. Leo usiku usiizime. Iweke namba 3 au 4, glasi na kipimajoto ndani. Zima vingine vyote nyumbani, soma mita ukienda kulala, soma tena ukiamka, gawanya uniti kwa idadi ya saa, zidisha kwa 24. Fanya hivyo leo, kisha urudie wiki ijayo ikiwa umeshaisogeza na kusafisha raba. Usiku hauna milango inayofunguliwa, kwa hiyo siku halisi itakuwa juu kidogo, lakini ulinganisho utakuwa wa haki. Niandikie namba zote mbili, pamoja na nyuzi ulizosoma kwenye glasi na herufi iliyo kwenye kibati. Zikibaki juu ya uniti mbili kwa siku na kompresa hainyamazi, hapo nitakubali tuanze kuzungumzia friji nyingine.